Shajara ya mradi: wazee na chumba cha kompyuta, Kaptembwo, Nakuru (Januari–Julai 2025)

Januari, wiki ya pili

Chumba kina kompyuta kumi na mbili, tisa zinawaka. Kiko nyuma ya ukumbi wa mtaa, ghorofa ya chini, na mbele ya mlango kuna ngazi mbili za saruji. Kuanzia saa nane mchana kimejaa vijana: wanaotafuta kazi za mtandaoni, wanaopiga chapa barua za maombi, na wachache wanaodai wanafanya utafiti ilhali skrini inaonyesha mpira. Asubuhi kiko kitupu. Mtu aliyepita miaka 60 akiingia, mara nyingi amekuja kumtafuta mjukuu.

Wazee wenyewe wako saiba za barabarani, vibanda vya intaneti vya kulipia. Wanakaa kwenye benchi, bahasha ya kaki mapajani, wakingoja kijana wa saiba amalizane na mteja wa mbele. Zamu ikifika wanaulizwa namba ya kitambulisho kwa sauti, wanaitaja kwa sauti, na benchi zima limesikia. Wanalipa kile wanachoambiwa walipe.

Lengo la mradi ni hili: wazee wa Kaptembwo na mitaa ya jirani watumie chumba hiki cha bure, na kila mmoja atoke akiwa amemaliza kilichomleta. Kamati ilitaka neno "mafunzo" liwe kwenye kichwa cha andiko la mradi. Nimelikubali kwenye kichwa, nikaliacha hapo hapo.

Kuhusu kwa nini jambo hili limekuwa la haraka: tarehe 30 Juni 2023 serikali ilizindua zaidi ya huduma 5,000 kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na malipo yake yakaelekezwa kwenye namba moja, 222222. Tarehe 1 Oktoba 2024 SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, ikachukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya hospitali, na hata mzee aliyelipa NHIF maisha yake yote ya kazi akatakiwa kujisajili. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya wapatao milioni 2.7 waliofikisha miaka 60 na zaidi, kati ya milioni 47.6. Kifungu cha 57 cha Katiba kinawapa haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii na kuishi kwa heshima. Nimekiandika kifungu hicho juu ya ubao, kwa sababu nitakihitaji siku ya kuomba pesa za rampu, njia ya mteremko ya kupandia badala ya ngazi.

Januari, wiki ya mwisho

Nimezunguka Kaptembwo, Shabab na Bondeni nikiongea na wazee: nje ya kanisa baada ya ibada, kwenye baraza la chifu, kwenye vibaraza vya Bondeni baada ya alasiri. Sikuwauliza wanataka kujifunza nini. Niliuliza bahasha ina nini ndani.

Ina mengi. Usajili wa SHA ambao haujakamilika kwa sababu mke hakuongezwa. Cheti cha kifo cha mume, ambacho benki inakidai kabla ya kutoa senti moja. Vyeti vya kuzaliwa vya wajukuu wanaolelewa na bibi yao na ambao shule inawadai vyeti. Upekuzi wa shamba, yaani kuthibitisha kwenye rejista shamba ni la nani. Malipo ya uzeeni yaliyokwama mahali fulani. PIN ya KRA, namba ya mlipa kodi kutoka mamlaka ya mapato, iliyochukuliwa zamani na kusahaulika. Kogo mmoja (bibi, kwa Kikalenjin), ambaye alihamia mjini kwa mwanawe, alisema anataka kuona uso wa binti yake aliye ng'ambo, si kusikia sauti tu. Sauti anaisikia kila Jumapili.

Hakuna aliyetaja kompyuta.

Februari, wiki ya kwanza: viti, choo, ngazi

Kabla ya kualika mtu yeyote nimekaa chumbani asubuhi na mama mmoja wa kamati ya ukumbi, mwenye umri wa miaka 74 na magoti mabaya, nikimwomba aingie, akae, asimame, atoke. Alinionyesha mambo ambayo nisingeyaona kwa macho yangu.

La kwanza ni viti. Tulipewa viti vya ofisi vyenye magurudumu, na tulivifurahia. Mtu mwenye magoti mazima hukaa kwa kujishusha taratibu. Mwenye magoti mabovu hushika meza, halafu hujiachilia. Akijiachilia, kiti cha magurudumu kinarudi nyuma. Mama alishikwa na wawili. Viti vyote vya magurudumu vimehamishiwa upande wa vijana, na tumeazima ukumbini viti vya mbao vyenye mikono. Mikono ya kiti ndiyo inayomwinua mtu.

La pili ni choo. Kiko upande wa pili wa uwanja, na ufunguo unakaa kwa mlinzi. Wazee wengi hapa wanatumia dawa za presha, na baadhi ya dawa hizo kazi yake ni kutoa maji mwilini, kwa hiyo mtu anakwenda choo mara kwa mara asubuhi nzima. Asiyejua choo kiko wapi, au anayeona aibu kumwomba ufunguo kijana wa lindo, hatakaa kwenye kompyuta hata dakika ishirini. Atasema macho yanauma, ataondoka. Sasa ufunguo wa pili unaning'inia kwenye msumari ndani ya chumba chetu, karibu na mlango, na mtu anauchukua bila kumwambia yeyote. Nadhani hili ndilo badiliko la bei rahisi zaidi katika mradi mzima, na sioni jingine lenye uzito kama huo.

Ngazi: zina urefu wa sentimita 30 kwenda juu kwa jumla. Kipimo cha rampu kinachokubalika ni moja kwa kumi na mbili, maana yake kila sentimita moja ya kupanda inahitaji sentimita kumi na mbili za urefu. Kwetu ni mita 3.6, na fundi alikuwa ameshachora ya mita moja na nusu "ili isizibe njia". Rampu ya mita moja na nusu mvua ikinyesha ni mtelezo. Tumegeuza mchoro ifuate ukuta, na bomba la kushikilia upande mmoja.

Skrini zilikuwa zimewekwa juu ya masanduku ya kompyuta. Mtu mwenye miwani ya lenzi mbili husoma kwa sehemu ya chini ya lenzi, basi skrini ikiwa juu anainua kidevu hadi shingo inauma. Tumezishusha mezani. Meza mbili zilizokuwa zikitazamana na dirisha tumezigeuza, kwa kuwa jua la asubuhi lilikuwa likipiga kwenye kioo moja kwa moja. Na tumeweka kikapu cha miwani ya kusomea ya nguvu mbalimbali, ya kuazima.

Februari, wiki ya tatu

Saa za wazee: Jumanne na Alhamisi, saa nne hadi saa saba. Kamati ilipendekeza saa mbili, kwa hoja kwamba wazee huamka mapema. Huamka, ndiyo. Lakini Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na saa mbili asubuhi mwili wenye baridi yabisi bado haujafunguka. Halafu nauli za matatu hushuka umati wa asubuhi ukishapita.

Machi, wiki ya kwanza: wamekuja

Wamekuja wachache, wote na bahasha. Chumba kilikuwa na ukimya wa hospitalini hadi kompyuta ya tatu ilipoanza kulia pii, pii.

Mzee aliyekuwa ameketi hapo aliinua mikono juu kama aliyekamatwa. "Nimeiharibu?" Hakuwa ameharibu chochote. Alikuwa ameegemeza kidole kwenye kitufe cha Shift cha kulia, na Windows ukikishikilia kwa sekunde nane huwasha kichujio cha vitufe, ambacho kiliwekwa kwa ajili ya watu wenye mikono inayotetemeka. Ukibonyeza Shift mara tano mfululizo, kinakuja kingine. Ni vitu vizuri, lakini vinajitokeza bila salamu na kwa maandishi ya Kiingereza, na mtu ambaye tayari anaogopa kuharibu mali ya watu anaondoka. Tumezima njia hizo za mkato kwenye mashine zote tisa, kisha tukawasha kwa hiari yetu yale yanayosaidia: maandishi asilimia 150, mshale mkubwa mweusi, kasi ya kubofya mara mbili imepunguzwa, na muda wa kitufe kuanza kujirudia umeongezwa. Hilo la mwisho lilimaliza kabisa majina yaliyokuwa yakiandikwa "Wanjiiiiiiku".

Kipanya. Mzee mmoja aliyefanya kazi reli miaka mingi, enzi za kupishanisha treni za Kisumu na za Eldoret hapa hapa Nakuru njia zinapogawanyika, alikishika kipanya kimeelekea pembeni. Mkono ukienda mbele, mshale ulikwenda kando. Akanyamaza, akajaribu tena, akanyamaza. Kijana msaidizi akataka kumshika mkono, nikamzuia. Tulibandika karatasi ndogo yenye alama ya mshale juu ya kipanya na kumwambia alama itazame skrini wakati wote. Basi. Aliomba pia kuhamishwa kwenye mashine ya pembeni isiyotazamwa na mlango, na sikumwuliza sababu. Ile mashine ya pembeni sasa ina foleni yake.

Na kuna Mama Mpiga Chapa. Alistaafu kutoka ofisi za serikali, alipiga taipureta tangu ujana wake, na vidole vyake vinakwenda bila yeye kutazama kibodi. Vijana walisimama wakimwangalia. Lakini kila alipoingiza namba ya kitambulisho, mfumo ulikataa. Mara kadhaa. Msaidizi akaanza kumsomea namba polepole, tarakimu moja moja, kwa ile sauti tunayoitumia kwa watoto na wagonjwa.

Tatizo halikuwa kumbukumbu. Taipureta nyingi za zamani hazikuwa na kitufe cha moja. Mpiga chapa alitumia herufi l ndogo, na O kubwa ilisimama mahali pa sifuri. Kwenye karatasi hakuna anayeona tofauti. Kwenye kompyuta, l si namba. Mama aligundua mwenyewe, akacheka, kisha akamweleza yule kijana taipureta ilikuwa kitu gani, kwa sababu hakuwahi kuiona hata moja. Kuanzia wiki ijayo yuko kwenye orodha ya wasaidizi.

Machi, wiki ya tatu

Suala la karata. Kwa kujizoeza kuburuta kitu kwa kipanya hakuna zoezi zuri kama Solitaire, mchezo ambao Microsoft iliuweka kwenye Windows mwaka 1990 na ambao umefundisha mikono ya nusu ya dunia. Mzee wa kanisa aliona karata kwenye skrini tatu kwa mpigo, akaniita nje. Nilimweleza. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema kamari huanza hivyo hivyo. Tumehamia kwenye programu ya kuchora: watu wanaandika majina ya wajukuu kwa brashi ya rangi. Mkono unajifunza jambo lile lile, na printa ya rangi imepata kazi. Wawili bado wanacheza karata kwenye mashine ya pembeni. Sikuona kitu.

Aprili: akaunti ni ya nani

Mwezi huu nimeandika kidogo kuhusu siku na mengi kuhusu jambo moja, kwa sababu linazidi kujitokeza kila bahasha inapofunguliwa.

Wazee wengi wanaokuja tayari wana akaunti. Walifunguliwa saiba. Barua pepe ipo, na ina jina lao na tarakimu fulani mwishoni. Nenosiri lipo, lilichaguliwa na kijana wa saiba. Na namba ya simu inayopokea msimbo wa kuthibitisha ni ya kijana huyo huyo, kwa sababu siku ile simu ya mzee haikuwa na chaji. Kijana hakuwa mwizi. Alitaka kumaliza kazi na kumhudumia anayefuata. Lakini sasa amehamia Eldoret, laini yake imekufa, na mzee ana mlango wenye jina lake ambao hawezi kuufungua. Njia iliyobaki ni kwenda Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, na kitambulisho mkononi, na tunampeleka, msaidizi akiwa naye hadi kwenye dirisha.

Wengine namba ni ya kwao, lakini msimbo haufiki. Tulilaumu mtandao mpaka mtu alipofungua kisanduku cha ujumbe cha simu moja ya mulika mwizi: kimejaa hadi juu, matangazo ya mikopo na michezo ya bahati nasibu tangu zamani. Simu ndogo ikijaa haipokei ujumbe mpya. Kwa hiyo hatua ya kwanza kwetu sasa, kabla ya kompyuta kuwashwa, ni kufuta ujumbe wa zamani pamoja na mwenye simu, akichagua mwenyewe wa kubakiza. Hii huchukua muda, kwa sababu kuna ujumbe ambao hakuna anayepaswa kumharakisha mtu kuufuta.

Halafu tunaandika *106# kuona ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Hapo ndipo mambo ya nyumbani hutoka. Laini anayoitumia mama miaka yote imesajiliwa kwa jina la mwanawe. Au kuna laini mbili ambazo mzee hajawahi kuzisikia.

Sheria tulizoziweka, kwa maneno ya mdomo kwanza, kisha kwenye karatasi ukutani:

Nenosiri anachagua mwenyewe, anaandika mwenyewe, msaidizi akitazama ukutani. Linaandikwa kwenye daftari dogo tunalompa, na daftari linakwenda nyumbani likakae panapokaa hati ya shamba. Najua wataalamu wa usalama wanaonya watu wasiandike nenosiri popote. Onyo hilo linamfaa mtu wa ofisini ambaye mezani kwake wanapita watu hamsini. Kwa mama wa miaka 78 wa Kaptembwo, hatari kubwa si mdukuzi. Ni kusahau, na kumpa mtu mwingine amkumbukie. Mzee mmoja alitunga nenosiri kwa majina ya ng'ombe watatu wa babake, na mwaka wa kuzaliwa wa yule wa mwisho. Hajawahi kulisahau, na kijana yeyote wa mjini hawezi kulikisia.

PIN ya M-Pesa haiingizwi na mtu mwingine, kwa sababu yoyote ile. Hili linahitaji ukali, maana wazee huinyoosha simu na kusema, "Weka tu kijana wangu, ni elfu moja mia..." na namba yote imeshatoka hewani. Ikitajwa kwa sauti, tunasimamisha kazi na kuibadilisha hapo hapo. Wengine hukasirika. Wanaona tunawakatalia imani yao. Shosho mmoja alimwambia msaidizi, "Wewe ni wa nani hata nisikuamini?" Akataja jina la mama wa kijana, na nyumba, na mwaka waliohamia mtaani. Kijana hakuwa na jibu, na hata mimi sikuwa nalo. Lakini PIN ilibadilishwa.

Kivinjari kinafunguliwa kwenye dirisha la faragha lisilohifadhi kitu. Nakala za vitambulisho zilizosahauliwa kwenye printa zinachomwa jioni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatuhusu hata sisi wenye viti vya kuazima.

Wiki ya mwisho alikuja mwana wa mmoja wa mama wanaokuja chumbani, mtu mzima, kwa hasira. Kwa nini tumempa mama yake akaunti mpya? Mambo yake yote yalikuwa kwenye simu ya mwana, na yalikuwa sawa. "Mama amezeeka, atatapeliwa." Tuliongea naye nje. Hakuwa na nia mbaya, nadhani. Ana hofu ya kweli, na matapeli wa simu wapo. Lakini mama alikuwa amekuja mwenyewe na kusema anataka ujumbe wake ufike kwake. Kuna wazee pia wanaotaka kinyume: wanataka binti au mpwa ashike kila kitu, na wanachoka tukiwalazimisha uhuru wasiouomba. Tumekubaliana hivi: tunamwuliza mzee akiwa peke yake, si mbele ya aliyemleta, na tunafuata jibu lake. Mwana hakuridhika. Mama anaendelea kuja.

Aprili, mwisho wa mwezi

Masika. Rampu imekamilika na inapitisha maji vizuri. Stima ilipotea asubuhi mbili, tulikunywa chai. Hakuna zaidi.

Mei: wasaidizi

Vijana saba, wengi wamemaliza kidato cha nne au wako chuoni. Wanajua mashine. Hawajui kungoja.

Kosa lao la kila siku ni kunyakua kipanya. Mzee anatafuta kitufe, kijana amekiona zamani, mkono unakwenda wenyewe, bofya bofya bofya, "Tumemaliza, guka." Guka, yaani babu kwa Kikuyu, hajaona lolote. Sheria mpya: msaidizi anakaa upande wa kushoto, akiwa ameshika kalamu kwa mikono miwili, na anaelekeza kwa kalamu bila kugusa mashine. Ukiona kalamu iko mezani, ujue mkono uko kwenye kipanya. Mama Mpiga Chapa ndiye anayesimamia hili na hana huruma.

La pili ni namna ya kuita. Vijana walianza kuwaita wanawake wote shosho, neno la bibi lililotoka kwa Wakikuyu. Chumba chetu kina Wakikuyu, Wakalenjin, Wajaluo, Waluhya, na mabibi wa Bondeni ambao Kiswahili ni lugha yao ya nyumbani na wanakisahihisha cha kwetu bila kuombwa. Sasa swali la kwanza ni, "Tukuite nani?" Wengi wa wanaume walikuwa na jibu la haraka: Mwalimu, Fundi, Baba Fulani.

La tatu ni sauti. Uzee huondoa kwanza sauti za juu, kwa hiyo kupaza sauti hakusaidii kama kushusha sauti na kumtazama mtu usoni anapokusikiliza. Nimewaomba wazime muziki. Wamezima nusu.

Juni: mwezi wa KRA

Mwisho wa kuwasilisha ritani, taarifa ya mapato ya mwaka kwa ajili ya kodi, ni tarehe 30 Juni, na foleni yetu imefika kwenye rampu. Wengi walichukua PIN walipokuwa wakifanya kazi au waliponunua ploti, wakaisahau, na sasa wameambiwa kuna faini. Faini ya mtu binafsi aliyechelewa huanzia shilingi 2,000. Pesa za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wasiojiweza, kwa mwenye miaka 70 na zaidi ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Mtu akipiga hesabu hiyo mwenyewe kwenye karatasi, huhitaji kumwambia kwa nini aje mapema.

Lakini kuna jambo la Kaptembwo hasa. Mtaa huu umejaa nyumba za kupanga, na wenye nyumba hizo ni wazee hawa hawa. Kwingineko wanawasilishiwa ritani ya sifuri kwa dakika tano, kila mtu sifuri, anayepokea kodi ya vyumba kumi na asiye na kitu. Sheria ya kodi ya nyumba za makazi iko wazi: mapato ya kupangisha kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hutozwa asilimia 7.5 tangu Januari 2024, na huwasilishwa kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Hizo 288,000 ni 24,000 kwa mwezi. Ploti ya kawaida hapa inaweza kufika.

Kwa hiyo kabla ya kubofya sifuri tunauliza: una nyumba ya kupangisha? Wawili walijibu ndiyo, wakapiga hesabu, wakaamua kumwona mhasibu. Mmoja alisimama, akakusanya bahasha yake, akasema hakuja hapa kuchunguzwa, akaenda saiba. Kamati iliniuliza kama swali hilo linafukuza watu. Linafukuza baadhi. Sitaliondoa, maana jina linalobaki kwenye ritani ni la mzee, si la aliyebofya.

Tarehe 30 yenyewe mfumo ulikuwa mzito tangu asubuhi, kama kila mwaka. Walioandikwa ubaoni mapema walikuwa wamemaliza. Mzee wa reli aliwasilisha yake mwenyewe wiki iliyotangulia, kisha akamsaidia jirani, kalamu mkononi.

Julai, wiki ya pili

Kogo ameona uso wa binti yake. Kamera ilikuwa ikielekea dari kwa muda mrefu hadi tukaipinda, na mazungumzo yalikuwa ya Kikalenjin, kwa hiyo sijui walisemaje. Yalichukua muda mrefu, na chumba kizima kilijifanya hakisikii. Ameomba Alhamisi iwe siku yake ya kudumu. Hiyo inaleta swali ambalo kamati haijalijibu: kama mashine moja iwekwe kando kwa simu za video tu, na pazia. Mimi napendekeza pazia kwanza, mashine tutaona.

SHA inaendelea. Kwa mtu asiye na mshahara, kujisajili peke yake hakutoshi: kuna maswali ya hali ya nyumba yanayotumiwa kukadiria mchango, kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na hulipwa kwa mwaka mzima kwa pamoja, yaani si chini ya 3,600. Wengi wamejisajili kupitia *147# wakadhani wamemaliza, na wanaligundua hilo hospitalini. Tumeandika maelezo ya ukurasa mmoja kwa herufi kubwa, na chifu amekubali yasomwe barazani.

Kinachotungoja: usaidizi wa Windows 10 unaisha tarehe 14 Oktoba, na mashine zetu sita hazifikii masharti ya Windows 11. Kununua mpya hatuwezi. Tunajaribu Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, kwenye mbili kati ya hizo, pamoja na ukubwa wa herufi, mshale mweusi na mipangilio yote ya vitufe iliyotuchukua mwezi mzima wa Machi. Fundi anasema wazee watapotea wakiona sura mpya. Mama Mpiga Chapa amekalia mojawapo tangu Jumanne. Malalamiko yake mpaka sasa ni mawili: kibodi ni laini mno, na printa haionekani. La printa fundi anakuja nalo Jumatatu. La kibodi, anasema amelipata mwenyewe, kwenye stoo ya ukumbi, na anataka tu mtu wa kulifuta vumbi.